Je, Wajua? Nyambizi Ndani ya Kilobaiti 64

Mwaka 1985 kampuni ya MicroProse ya Marekani ilitoa Silent Service, mchezo uliobuniwa na Sid Meier. Mchezaji aliongoza nyambizi ya Marekani katika Bahari ya Pasifiki, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ulichezeka kwenye Commodore 64, kompyuta ya nyumbani yenye kumbukumbu ya kilobaiti 64 tu. Picha moja ya simu ya leo huzidi kiasi hicho mara nyingi.

Uzuri wake ulikuwa katika subira. Ulisoma ramani, ukainua periskopu, ukaivizia meli. Na kwa kuwa shabaha haikusimama, torpedo ililengwa pale meli itakapofika, si ilipo. Aliyetaka ugumu zaidi aliweza kukadiria mwenyewe pembe ya mwendo wa meli.

La kustaajabisha zaidi, mchezaji aliweza kuchagua torpedo mbovu zisizolipuka! Hilo halikuwa chumvi. Torpedo halisi za Mark 14, zilizotumiwa na nyambizi za Marekani katika vita hivyo, zilipita chini kuliko kina kilichopangwa, na baadhi ziligonga meli bila kulipuka. Manahodha wa nyambizi hizo walilalamika kwa muda mrefu, na kasoro kuu zilirekebishwa kufikia mwishoni mwa 1943.