Kisukari: Ukipata Nafuu, Usiache Dawa



Watu wengi wa Njombe na Makambako wanaijua njia ya kwenda Ikonda. Hupanda basi asubuhi na mapema wakiwa wamejifunika mablanketi. Hupita milimani kwenye baridi mpaka Hospitali ya Consolata, wilayani Makete. Kila mmoja huenda na shida yake. Wengine hupimwa damu na kuambiwa kwamba wana kisukari.

Tuchukue mfano wa mkulima mmoja wa viazi. Alikuwa na kiu isiyoisha. Usiku aliamka mara nne kwenda kukojoa. Alikula vizuri, lakini alikonda. Mkewe aliona sisimizi wamejaa mahali alipokojoa. Alikwenda kupimwa, akapewa vidonge. Baada ya mwezi mmoja kiu iliisha na nguvu zikarudi. Akasema, "Nimepona." Vidonge vilivyobaki akavifungia sandukuni. Mwaka uliofuata alirudi hospitali akiwa na kidonda cha mguu kilichokataa kupona.

Kosa lake lilikuwa nini? Alidhani kisukari ni kama malaria, unameza dawa na kumaliza. Sivyo. Mkulima huyu alipata nafuu kwa sababu alikuwa anameza dawa. Alipoacha, sukari ilipanda tena kimya kimya. Sukari inaweza kupanda miezi mingi bila maumivu, huku ikiharibu macho, figo, moyo na mishipa ya miguu.

Chakula tunachokula hugeuka kuwa sukari na kuingia katika damu. Mwili una kitu kiitwacho insulini, ambacho huiingiza sukari hiyo mwilini ili itupe nguvu. Katika kisukari cha aina ya pili, mwili hauitii insulini vizuri, au insulini haitoshi. Sukari hubaki ndani ya damu, kama mahindi yaliyorundikwa nje ya ghala lililofungwa. Watu wa nyumbani wana njaa, na chakula kipo mlangoni.

Vidonge husaidia kuufungua mlango huo. Kidonge kinachotolewa sana huitwa metformini. Kimeze pamoja na chakula, maana siku za kwanza kinaweza kusumbua tumbo. Tumbo likisumbua sana, mwambie mganga. Usikiache kwa siri. Ukitumia pia dawa za miti shamba, mwambie. Na usingoje vidonge viishe ndipo utafute nauli.

Kidonge kingine ni glibenklamaidi. Hiki hakina mchezo. Ukikimeza halafu ukaenda kulima bila kula, sukari inaweza kushuka mno. Utatetemeka, utatoka jasho hata kwenye baridi, utaona njaa kali, na maneno yatakuchanganya. Hapo kunywa maji yenye vijiko 3 vya chai vya sukari. Ngoja dakika 15. Kama hujapata nafuu, kunywa tena, kisha kula chakula. Mtu aliyezimia usimtie kitu mdomoni. Mkimbize hospitali.

Hapa lazima tuseme habari ya ulanzi. Pombe nayo hushusha sukari, hasa kwa mtu asiyekula. Mgonjwa amemeza kidonge, hajala, amepitia kilabuni. Njiani anayumba na kuanguka. Wapita njia wananusa ulanzi, wanacheka, wanasema amelewa, wanakwenda zao. Kumbe sukari imeshuka, na baridi ya usiku inakuja. Mtu hufa hivyo hivyo, kando ya njia ya kijiji chake. Kwa hiyo, waambie jirani zako kwamba una kisukari. Si jambo la aibu.

Sasa chakula. Mgonjwa wa kisukari hana haja ya chungu chake peke yake. Gawa sahani yako. Nusu iwe mboga za majani. Robo iwe maharage, njegere, samaki au nyama. Robo iliyobaki iwe ugali, na ugali wa dona ni bora kuliko wa sembe. Sisi watu wa nyanda za juu tuna desturi ya kula ugali, na viazi juu yake. Kiazi si mboga! Kiazi kina kazi ile ile ya ugali. Ukila viazi, punguza ugali. Parachichi lina sukari kidogo sana, na Njombe tunayo tele. Chai kunywa bila sukari. Asali nayo ni sukari, hata kama imetoka mzingani kwako. Soda moja ya chupa ina sukari ya vijiko vya chai vipatavyo 8.

Je, kazi za mwili zinasaidia? Mwaka 1989, Profesa Donald McLarty wa Dar es Salaam na wenzake walitangaza matokeo ya kuwapima watu wa vijiji 6 vya Tanzania. Wenye kisukari hawakufika mtu 1 katika kila watu 100. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta watu 9 katika kila 100. Vipimo hivi havikuwa vya rika moja, lakini tofauti ni kubwa. Siku hizi tunapanda bodaboda hata kwenda kisimani. Tembea kwa haraka nusu saa kila siku, angalau siku 5 kwa wiki. Siku za jembe, jembe linatosha. Mwenye duka na dereva ndio wajihadhari zaidi.

Jambo la mwisho ni miguu. Kisukari kikikaa muda mrefu huua hisia za miguu. Nchi yetu ni ya baridi, na jioni sote tunanyoosha miguu motoni. Mwenye kisukari anaweza kuungua asisikie. Kaa mbali na moto, vaa soksi. Usiende pekupeku shambani. Kila jioni osha miguu, kausha katikati ya vidole, tazama nyayo. Kama macho yako hayaoni vizuri, mwite mjukuu akutazamie. Akiona jeraha, hata dogo kama punje ya mtama, kesho yake nenda zahanati.