Mkoba wa Simu Ukitoboka: Tuuamini Tena au Tuuache?

Kuvuja kwa pakacha, walisema wahenga, ni nafuu ya mchukuzi. Hawakusema kuwa ni nafuu ya mwenye mali. Mchukuzi hufika na mzigo mwepesi akashusha pumzi, lakini mwenye mali ndiye anayeketi jioni kuhesabu kilichomwagika njiani.

Methali hiyo ilinijia siku moja ya soko katika Ngarama, wilayani Isingiro, mahali ambapo mashamba ya ndizi ya wenyeji yanapakana na makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Makazi hayo yalifunguliwa mwaka 1958, na leo wamo humo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengineo, ambao wengi wao huelewana na wenyeji sokoni kwa Kiswahili. Nilikuwa nimesimama mbele ya kibanda cha wakala wa pesa za simu nikingoja zamu yangu, mama mmoja wa makamo aliponijia. Huku kwetu mtu aliyewahi kushika chaki huitwa mwalimu, hata akiwa amekwisha kuhamia ofisini.

“Mwalimu,” akasema baada ya kusalimiana, “katika simu hii mna shilingi 840,000. Nusu kaniletea mwanangu aliye jeshini, nusu ni bei ya ndizi. Ni karo ya wadogo zake. Sasa nasikia wezi huingia katika simu bila kuigusa. Nizitoe zote leo nikazifukie nyumbani?”

“Nani aliyekuambia hayo, mama?”

“Huyu mwanangu wa Nakivale. Yeye mwenyewe halali usiku.”

Kijana aliyekuwa nyuma yake, mkimbizi kutoka Kongo, alinieleza shida yake kwa heshima. Hufanya kazi ya kutafsiri kwa kompyuta kwa watu wa ng'ambo, nao humlipa kwa sarafu za mtandao. Alikuwa amejiwekea akiba yenye thamani ya shilingi milioni moja na ushei, akinuia kumnunulia mama yake mzazi cherehani. Majuma mawili yaliyopita watengenezaji wa mkoba wake wa sarafu walitangaza kwamba umegunduliwa ufa katika programu yao, na kwamba kila mtu apakue toleo jipya.

“Nimekwisha kulipakua, Mwalimu,” akasema. “Je, mkoba umepona?”

Maswali hayo mawili yanafanana kwa sura, lakini jibu la mmoja laweza kumwangamiza mwenziwe. Kwa hiyo yafaa tuyachambue taratibu.

SANDUKU LENYE KUFULI TATU

Wote wawili wanalijua vyema sanduku la kikundi cha akiba. Ni sanduku la bati lenye kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na wanachama watatu wasiokaa nyumba moja. Fedha huhesabiwa mbele ya wote. Sasa tuseme kufuli moja imelegea. Kikundi hununua kufuli nyingine, na mambo yakaendelea. Hakuna anayelichoma sanduku moto kwa sababu hiyo.

Lakini tuseme imejulikana kwamba mtu amechonga funguo za bandia za kufuli zote tatu. Hapo kulipaka sanduku rangi mpya hakusaidii kitu. Fedha hazina budi kuhamishwa siku hiyo hiyo, zikatiwe katika sanduku jingine lenye kufuli nyingine.

Askari anayesoma ukurasa huu analijua jambo hili kuliko mimi. Neno la siri la lindo likimfikia adui, hakuna kamanda anayesubiri mpaka asubuhi aone kama adui atalitumia. Hubadilishwa saa ile ile, na lawama hufuata baadaye.

YALIYOTOKEA OKTOBA 2020

Hapa Uganda pesa za simu zilianza mwaka 2009, na upesi zikawa benki ya watu wasio na benki. Jaribio kubwa lilikuja Jumamosi tarehe 3 Oktoba 2020. Wezi waliingia katika mitambo ya kampuni iliyokuwa kati ya mabenki na makampuni ya simu, ambayo kazi yake ilikuwa kupitisha fedha kutoka upande mmoja kwenda upande wa pili. Magazeti yaliitaja kampuni ya Pegasus Technologies, na yakaandika kwamba laini za simu zipatazo 2,000 zilitumika kutoa mabilioni ya shilingi.

Siku mbili baadaye benki ya Stanbic pamoja na makampuni ya MTN na Airtel yalitoa taarifa ya pamoja. Yalikiri kwamba pametokea hitilafu kwa mtoa huduma wa kati, yakasimamisha upelekaji wa fedha kutoka benki kwenda kwenye simu, na yakasema kwamba salio la mteja, liwe la benki au la simu, halikuguswa.

Tazama basi ufa ulikuwa wapi. Ghala halikubomolewa, lililobomoka ni daraja. Aliyekuwa na fedha katika simu alibaki nazo. Aliyeumia ni yule aliyekuwa akingojea fedha zivuke daraja juma lile, ambaye ndani ya nyumba hakuwa na akiba yoyote. Si wizi uliomlaza njaa, bali kuweka matumaini yake yote katika njia moja.

Kuna jambo jingine la kukumbuka. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2020 inataka fedha za wateja wa pesa za simu ziwekwe katika akaunti ya amana, mbali na mali ya kampuni yenyewe, na Benki Kuu ya Uganda ndiyo msimamizi. Maana yake ni kwamba mama yetu wa Ngarama, fedha zikipotea bila kosa lake, ana mlango wa kubisha na mtu wa kumwuliza. Hilo si dogo. Fedha zilizofukiwa chini ya kitanda hazina mlango wa kubisha. Mchwa na mwizi hawatoi stakabadhi.

SARAFU ZA MTANDAO NI NJIA NYINGINE

Mkoba wa kijana si kama wa mama. Katika mikoba ya namna yake, sarafu hazimo ndani ya simu hata kidogo. Zimeandikwa katika daftari kubwa la mtandao linalosomwa dunia nzima, na simu huhifadhi ufunguo tu. Ufunguo huo kwa kawaida huandikwa kwa maneno 12 au 24, yanayochaguliwa kwa bahati nasibu kutoka katika orodha ya maneno 2,048. Anayeyajua maneno hayo ndiye mwenye mali, awe Nakivale au awe upande wa pili wa bahari. Hakuna kadi ya kuonyesha, wala meneja wa kumlilia.

Kwa sababu hiyo ufa wa mkoba wa sarafu huweza kuwa wa aina mbili. Kuna ufa wa programu, ambao huzibwa kwa toleo jipya. Na kuna ufa wa ufunguo, ambao hauzibiki kwa toleo lolote.

Mfano mmoja ni wa mkoba uitwao Trust Wallet. Mwezi wa Aprili 2023 kampuni hiyo ilitangaza kwamba mikoba iliyofunguliwa kwa programu yake ya kivinjari cha kompyuta, kati ya tarehe 14 na 23 Novemba 2022, ilikuwa na kasoro. Mtambo wa kuchagua maneno haukuchagua kwa upana uliotakiwa. Badala ya bahari ya uwezekano isiyo na mwisho, ulikuwa ukichota katika kidimbwi chenye uwezekano usiozidi sana bilioni nne. Kwa binadamu hiyo ni idadi kubwa. Kwa kompyuta ni kazi ya muda mfupi. Dola zipatazo 170,000 ziliibwa, na kampuni ikaahidi kuwafidia waliopoteza. Kasoro ilirekebishwa mapema katika programu, lakini mikoba iliyokwisha kufunguliwa siku zile haikupona kwa marekebisho hayo. Ilibidi wenyewe wafungue mikoba mipya na kuhamisha mali.

Mfano wa pili ni wa Agosti 2022. Programu ya mkoba iitwayo Slope, iliyotumiwa na wenye sarafu za Solana, ilikuwa ikipeleka maneno ya siri ya wateja katika mtambo wa kuwekea kumbukumbu bila kuyaficha. Maelfu ya mikoba ilikombwa kwa muda wa saa chache. Wako walioibiwa ingawa walikuwa wakitumia programu nyingine, kwa kuwa waliwahi kuyaingiza maneno yale yale katika Slope. Walibadilisha mlango, lakini ufunguo ulikuwa ule ule.

Tena kijana huyu hana mlango wa serikali wa kubisha kama alio nao mama. Mwezi wa Aprili 2022 Benki Kuu iliyaonya makampuni ya malipo yenye leseni yasisaidie kubadilisha sarafu za mtandao kuwa pesa za simu, na mwaka 2023 Mahakama Kuu ilikataa kulibatilisha agizo hilo. Basi mwenye sarafu ni mlinzi wa mali yake mwenyewe, usiku na mchana.

MASWALI MATATU

Ndugu msomaji, habari ya ufa inapokufikia, usikimbilie kuuliza kama mkoba ni mzuri au mbaya. Jiulize kwanza maswali haya.

La kwanza: ufa uko wapi? Ukiwa katika daraja, ngojea litengenezwe na utumie njia nyingine. Ukiwa katika programu, pakua toleo jipya kutoka mahali pake rasmi. Ukiwa katika ufunguo, au ikiwa hukuambiwa waziwazi kwamba ufunguo haukuguswa, fungua mkoba mpya wenye maneno mapya, hamisha mali kwanza, kisha ndipo uketi kuamua kama kampuni ile inastahili imani yako.

La pili: hasara ni ya nani? Imani isiyo na mdhamini ni matumaini tu. Kama hakuna sheria wala mtu wa kulipa, usiweke humo kiasi ambacho kikipotea mtoto atafukuzwa shule.

La tatu: nani alisema, na alisema lini? Kila chombo kilichotengenezwa na binadamu kina kasoro yake. Kampuni inayojitokeza na kutaja tarehe, waliohusika na la kufanya, yastahili kusikilizwa. Ile inayonyamaza mpaka isemwe na wengine, imekwisha kujijibia.

Jihadhari pia na wezi wanaokuja baada ya tangazo. Ufa ukishatangazwa, hutokea watu wanaopiga simu au kutuma ujumbe wakijifanya mafundi wa kampuni, wakiomba namba ya siri au yale maneno 12 ili eti wakusaidie. Fundi wa kweli hahitaji ufunguo wako.

UFA ULIO NYUMBANI

Nilipomaliza kuyasema hayo, nilimwuliza mama namba yake ya siri anaijua nani mwingine. Akacheka kwa aibu. Ilikuwa mwaka aliozaliwa mwanawe, na mara nyingi alimpa wakala simu ambonyezee. Huo ulikuwa ufa mkubwa kuliko wote tuliokuwa tukiuzungumza, nao haukuwa umetangazwa katika gazeti lolote.

Kijana naye nilimwuliza laini yake imeandikishwa kwa jina la nani. Ilikuwa ya rafiki yake wa Mbarara. Zamani wakimbizi wengi walifanya hivyo kwa kukosa vitambulisho vilivyokubaliwa. Lakini mwezi wa Agosti 2019 Tume ya Mawasiliano ya Uganda iliagiza kwamba mkimbizi aweza kuandikisha laini kwa kadi ya mkimbizi, au kwa barua ya uthibitisho itolewayo na Ofisi ya Waziri Mkuu. Laini iliyo kwa jina la mwingine ni nyumba uliyoijenga katika kiwanja cha jirani. Siku mkikosana, au akienda kuibadilisha, pesa za simu zilizomo zitamfuata yeye.

Siku ile mama alibadilisha namba ya siri kwa mkono wake mwenyewe, huku akitupa mgongo sote. Karo aliilipa moja kwa moja shuleni asubuhi iliyofuata. Sehemu nyingine aliipeleka katika sanduku la kikundi, na katika simu akabakiza matumizi ya mwezi mmoja tu. Hakuuacha mkoba wake, aliupunguzia mzigo.

Kijana alisoma tena lile tangazo, safari hii hadi mstari wa mwisho. Lilisema kwamba mikoba iliyofunguliwa kabla ya tarehe fulani inaweza kuwa na ufunguo dhaifu. Wake ulikuwa mmojawapo. Alifungua mkoba mpya, akayaandika maneno yake katika karatasi mbili badala ya kuyapiga picha, akahamisha sarafu zote, ingawa ada ya kuhamisha ilimuuma kidogo. Nilipomwona juma lililofuata aliniambia kwamba sasa analala, na kwamba sehemu ya akiba amekwisha kuigeuza kuwa cherehani.

“Na ule mkoba wa zamani?” nikamwuliza.

“Mwalimu, nimeuacha mtupu. Mwenye ufunguo wa bandia akija, aingie tu, atakuta sakafu.”