Risechi ya chuo: Usiandike chanzo ambacho hujakifungua

Bando linakaribia kuisha na msimamizi anataka kuona sura ya pili ya risechi yako. Unaiuliza programu ya akili bandia, nayo inakuletea vyanzo kumi ndani ya sekunde chache. Kazi imeisha? Subiri kwanza.

Juni 2023, mahakama moja ya New York, Marekani, iliwatoza mawakili wawili na kampuni yao faini ya dola 5,000. Walikuwa wamepeleka mahakamani hukumu zilizotungwa na ChatGPT, na wakaendelea kuzitetea hata zilipoanza kutiliwa shaka. Kesi hizo hazikuwahi kuwepo.

Kama mawakili wamenaswa, wewe je? Fanya hivi:

1. Tafuta panapofaa. Anza na maktaba ya chuo, Google Scholar, au African Journals Online (AJOL) yenye majarida ya Afrika. Ukitaka takwimu, nenda kwa aliyehesabu. Mfano, Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania. Namba hiyo ichukue Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS), siyo kwenye blogu.

2. Hakikisha ipo kweli. Makala nyingi za kitaalamu zina namba ya DOI, inayoanza na 10. Ibandike kwenye doi.org. Isipofunguka, au ikifungua makala nyingine, shtuka.

3. Jua nani kaandika na nani kahakiki. Jarida linaloahidi kukuchapisha ndani ya siku chache ilimradi ulipe, likimbie.

4. Angalia kama imeondolewa. Mwaka 1998 jarida maarufu la The Lancet lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake iliyohusisha chanjo ya MMR na usonji. Ilihusu watoto 12 tu. Jarida liliifuta mwaka 2010, lakini mpaka leo unaweza kukutana nayo mtandaoni. Ukiona neno "Retracted" juu ya makala, usiitumie kama ushahidi.

Vipi kuhusu Wikipedia? Siyo mbaya kuanzia hapo. Shuka mpaka chini kwenye marejeo, fungua chanzo chenyewe, kisome, halafu hicho ndicho ukiandike.

Kwa kifupi, ambacho hujakisoma usikiweke kwenye marejeo. Siku ya kutetea kazi yako ukiulizwa "hii umeitoa wapi?", uwe na cha kuonyesha.