Kurekebisha Rangi za Picha kwa Kompyuta

Wasomaji wengi wamekwisha ziona picha za mahafali yetu katika ubao wa matangazo, na baadhi yao wameniuliza imekuwaje nyuso zimetoka sawasawa, hali za mwaka jana zilitoka kama za watu waliomwagiwa unga. Mwalimu wa kompyuta ameniambia niandike habari hiyo, nami nitaeleza kadiri nijuavyo.

Kwanza niseme kilichonitia hamu. Nilipokuwa Kidato cha Pili nilipigwa picha katika studio moja. Mwenye studio, kwa nia njema, alisukuma kifungo cha mwanga hata uso wangu ukawa mweupe kama andazi bichi. Wakati wa likizo nilimpa mama picha ile. Akaitazama, akaigeuza nyuma kutafuta jina, akasema, "Mwanangu, umeniletea picha ya nani?" Sote tulicheka, lakini picha ile haikutiwa katika fremu.

Yafaa kujua kwamba picha iliyo katika kompyuta ni nukta nyingi mno, na kila nukta ina hesabu tatu: ya nyekundu, ya kijani na ya buluu, kila moja tangu 0 hadi 255. Zote zikiwa 0 twaona weusi mtupu. Zikiwa 255 twaona weupe mtupu. Na zikilingana katikati ni kijivu. Programu tunayotumia ni GIMP, ambayo hutolewa bure, lakini vifungo vya Photoshop na vya nyinginezo ni ndugu zake.

Kifungo cha usawa wa rangi kina njia tatu. Ya kwanza hutoka sayani, yaani buluu iliyochanganyika na kijani, kwenda nyekundu. Ya pili hutoka majenta, ambayo ni kama zambarau nyekundu, kwenda kijani. Ya tatu hutoka manjano kwenda buluu. Kila njia ni kama mizani: ukizidisha upande huu umepunguza ule. Basi picha ikiwa na ubuluu, sukuma kuelekea manjano.

Ubuluu huo watoka wapi? Hapa Itumba asubuhi nyingi zina ukungu, na jua likitoka mpiga picha hutupanga kivulini ili tusikunje nyuso. Kivulini mwanga hutoka mbinguni, nao ni wa buluu. Wataalamu huupima kwa kelvini: taa ya manjano ya zamani ni kama 2,700, jua la mchana ni kama 5,500, na kivuli chaweza kupita 7,000. Jambo hili lilinisumbua juma zima, kwa sababu katika programu nyingi ukiongeza hesabu hiyo picha huwa ya manjano zaidi, si ya buluu. Sababu yake ni kwamba unaiambia programu mwanga ulikuwa wa namna gani, nayo hutia rangi ya kuupinga.

Njia iliyo rahisi ni kutumia kidonea. Unabofya kitu ambacho kwa kweli ni cheupe au kijivu, na programu husawazisha zile hesabu tatu. Mimi nilikimbilia mashati yetu meupe, nikakosea mara mbili. Mara ya kwanza nilibofya begani palipopigwa na mwanga mkali. Pale hesabu zote zilikuwa 255, kwa hiyo hapakuwa na la kusawazishwa. Mara ya pili nilichagua shati la rafiki yangu, na nyuso zote zikageuka manjano. Kumbe mwenzangu husuuza mashati yake kwa bluu ya kufulia, wala hana mkono mwepesi! Mwishowe nilibofya nguzo ya saruji isiyopakwa rangi, na hapo picha ikatulia.

Ilibaki habari ya mwanga. Kamera ikielekezwa kwa wanafunzi arobaini wenye mashati meupe hudhani mahali pana mwanga mno, nayo huipunguza picha yote. Mashati hutoka vizuri, nyuso zetu hutoka giza. Mtu asiyejua husukuma kifungo cha mwanga wa picha nzima. Mashati huungua, na nyuso hupauka. Sharti utumie kifungo cha viwango, chenye vishale vitatu: cha weusi, cha katikati na cha weupe. Usikiguse cha weupe. Sogeza kile cha katikati kidogo kushoto. Mimi nilikitoa 1.00 nikakifikisha 1.20 tu. Na kabla ya yote, hifadhi nakala ya picha asili, kwa maana kilichoungua hakirudi.

Lakini mtu atajuaje pa kukomea? Zamani swali hili lilijibiwa huko Marekani. Tangu miaka ya 1950 kampuni ya Kodak iliwapa wasafishaji wa picha kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, iliyoitwa kadi ya Shirley kwa jina la mfanyakazi wao aliyepigwa picha hiyo. Mashine ilirekebishwa mpaka ngozi ya Shirley itoke vizuri, na picha za watu wote zikapita kwa kipimo hicho. Kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali, mmoja wao mweusi, ilitolewa katika miaka ya 1990. Nadhani mwenye studio yule hakupata kuisikia kadi hiyo, ila mkono wake uliifuata.

Mimi sikuwa na kadi yoyote. Niliwaita wenzangu wawili, mmoja mweusi sana na mwingine maji ya kunde, nikawasimamisha karibu na dirisha la maabara, kando ya kioo cha kompyuta. Nikasogeza kishale, nikawatazama, nikakirudisha, mpaka yule mweusi aliposema, "Hapo! Huyo ndiye mimi." Muda mfupi baadaye umeme ulikatika, lakini nilikuwa nimekwisha hifadhi. Nakala moja nimeitia katika bahasha, na mama ataipata nikifunga shule.