MAIKI YA KUJITENGENEZEA: SAUTI YA MZEE ISIPOTEE KWA UPEPO

Vikundi vingi siku hizi vinarekodi wazee: historia ya kijiji, nyimbo za arusi, miti ya dawa, mipaka ya zamani. Kazi ni njema. Lakini tukirudi kusikiliza, tunasikia upepo, kuku na watoto, naye mzee yuko mbali kama aliye kisimani. Mara nyingi shida si mashine. Maiki ilikaa mbali na mdomo. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu ya sauti inayofika hubaki robo tu.

Dawa yake ni maiki ndogo ya kubandika kifuani.

MAHITAJI
- Kidude cha maiki cha redio kaseti mbovu
- Rezista ya omu 2,200
- Kapasita ya maikrofaradi 10
- Betri mbili za volti 1.5
- Waya wa sauti wenye wavu, mita moja na nusu
- Plagi ya milimita 3.5

Ndani ya kidude mna utando wa plastiki wenye chaji ya umeme ya kudumu. Sauti ikiutikisa, umeme hubadilika, na transista ndogo huukuza. Ndiyo maana betri inahitajika. Waliokibuni ni James West na Gerhard Sessler, Bell Labs, Marekani, mwaka 1962.

JINSI YA KUUNGANISHA
1. Nyuma ya kidude kuna ncha mbili. Ile iliyoshikana na ganda la bati ni hasi: iungeni na wavu. Nyingine ni chanya: iungeni na waya wa ndani.
2. Upande wa pili, waya wa ndani uungwe na rezista, nayo rezista iende kwa chanya ya betri.
3. Hapo hapo waya na rezista zilipokutana, ungeni mguu chanya wa kapasita. Mguu wa pili uende kwa ncha ya plagi.
4. Wavu, hasi ya betri na shina la plagi viungane pamoja.

Kama hamjazoea kuchomelea kwa risasi, fundi wa redio sokoni atawasaidia. Plagi hii ni ya mashine ya kurekodi yenye tundu la maiki. Tundu la simu ni tofauti. Kifunikeni kidude kwa sponji ya godoro kuzuia upepo, na mkibandike shubiri moja chini ya kidevu. Mkimaliza, toeni betri, la sivyo itaisha bure.

KUMBUKENI
Kwanza muombeni mzee ruhusa. Maarifa ya jadi ni mali ya jamii, na hapa Kenya yanalindwa na sheria ya mwaka 2016. Halafu kila rekodi itajwe mwanzoni: jina, mahali, tarehe. Wekeni nakala mbili, kwa nyumba mbili tofauti. Mali bila daftari huisha bila habari, na maneno ya wazee wetu ni mali.