Wimbo wa Mtu Aliyefiwa

Mwezi wa Agosti mwaka 1932, Thomas Dorsey, mpiga piano wa mji wa Chicago nchini Marekani, alimwacha nyumbani mkewe Nettie, mja mzito aliyekaribia kujifungua, akaenda St. Louis kuimba katika mkutano wa injili. Na akiwa huko mkutanini akaletewa simu ya maandishi yenye habari kwamba mkewe amefariki katika uzazi. Aliporejea alimkuta mtoto, wa kiume, yu hai, lakini haikupita muda naye akafa, na mama na mwana wakazikwa katika jeneza moja.

Msiba huo ulimkuta katika miaka ya dhiki kuu ya uchumi, viwanda vimefungwa na mabenki yameanguka, na watu weusi waliohamia Chicago kutoka mashamba ya kusini ndio waliotangulia kuachishwa kazi.

Dorsey alizaliwa Georgia mwaka 1899, mwana wa mhubiri, lakini sifa yake ya awali aliipata katika bluzi, zile nyimbo za majonzi zilizoimbwa vilabuni, ambamo alijulikana kwa lakabu ya Georgia Tom na kumpigia piano mwimbaji mashuhuri Ma Rainey. Alipoanza kutia mahadhi hayo ya huzuni katika nyimbo za ibada, makanisa mengi yalimfungia milango, kwa kuwa wazee waliona ni najisi kuleta madhabahuni sauti ya kilabuni. Nami nadhani walikosea, maana mtu aliyelia usiku kucha haji kanisani asubuhi na koo jingine.

Baada ya maziko alimnung'unikia Mungu waziwazi, akaona amedhulumiwa, akaazimia kuacha injili na kurudi katika muziki wa dunia. Siku chache baadaye rafiki yake alimpeleka mahali palipokuwa na piano. Akaketi, vidole vikaangukia lahani ya utenzi wa zamani, na juu ya lahani hiyo maneno mapya yakamjia. Ndio wimbo uitwao Precious Lord. Ndani yake hamna shukrani wala shangwe, wala ahadi kwamba tufani itatulia kesho. Mna mtu aliyechoka, dhaifu, gizani, anayeomba ashikwe mkono mpaka afike nyumbani, na yamkini ndiyo sababu unafariji kuliko nyimbo nyingi za ushindi, kwani aliyefikwa na msiba hadaiwi imani asiyokuwa nayo saa ile, bali anaachiwa aombe kwa nguvu ndogo iliyosalia.

Miaka mingi baadaye, jioni ya tarehe 4 Aprili 1968, huko Memphis, Martin Luther King, mpigania haki za watu weusi wa Marekani, akiwa amesimama katika roshani ya hoteli, alimwomba mwanamuziki Ben Branch aupige wimbo huo vizuri katika mkutano wa usiku ule. Punde tu baada ya hapo alipigwa risasi akafa. Mazikoni pake mwimbaji wa injili Mahalia Jackson, aliyekuwa ameuimba miaka mingi pamoja na Dorsey mwenyewe, ndiye aliyeuimba.

Basi enyi mnaoongoza kwaya, mkiitwa penye matanga, msiwaharakishe wafiwa kwenye nyimbo za vigelegele. Anzeni na wimbo unaolia pamoja nao.