Rangi za Saryan, mchoraji wa Armenia

Watu wengi wakiona mara ya kwanza picha ya Martiros Saryan wanasema: "Fundi huyu hajui kazi. Nani amekwisha kuona kivuli cha bluu?" Neno hilo tunataka kulifasiria.

Saryan, Mwarmenia, alizaliwa mwaka wa 1880 karibu na Rostov, katika Urusi. Alijifunza kuchora huko Moscow. Kisha alisafiri: Constantinople mwaka wa 1910, Misri mwaka wa 1911, Uajemi mwaka wa 1913. Katika inchi hizo aliona kwamba jua likiwaka sana, vitu vidogovidogo vinapotea machoni. Zinabaki rangi mbili kubwa, ile ya mwangaza na ile ya kivuli. Basi akaacha kuchanganya rangi nyingi, akapaka rangi safi, kila moja mahali pake. Kivuli hakukipaka cheusi, maana rangi nyeusi inazima mwangaza. Alikipaka bluu, na kando yake akaweka rangi ya manjano au ya chungwa. Rangi hizo ni kama wapinzani wawili: zikikaa pamoja, kila moja inaongeza nguvu ya mwenzake.

Tena, kivuli cha bluu si uwongo. Mahali jua lisipofika, mwangaza wa mbingu unafika, nao una rangi ya bluu. Mwenyi mashaka atandike kitambaa cheupe inje wakati wa jua, halafu akitazame kivuli chake vizuri.

Sasa tutazame picha yake ya mwaka wa 1923, "Milima. Armenia", inayotunzwa katika nyumba ya picha ya Tretyakov, Moscow. Mbele kuna mashamba yanayong'aa, nyuma milima inapanda mmoja juu ya mwingine, na watu ni wadogo sana, wako kazini.

Hapa linakuja swali zito zaidi. Mwaka wa 1915, katika utawala wa Waturuki, Waarmenia wengi mno waliuawa. Saryan alikwenda Etchmiadzin, makao makubwa ya Kanisa la Armenia, kusaidia wakimbizi waliofika pale na njaa na magonjwa. Aliwaona wakifa. Mwaka wa 1921 alihamia Yerevan, na miaka miwili baadaye alichora milima hii yenye kung'aa. Je, alisahau wafu?

Sisi tunaona sivyo. Hakuchora sikukuu, alichora shamba linalolimwa. Mtu anayelima baada ya msiba hakusahau waliokufa. Anakataa tu kwamba kifo kimemaliza yote. Hata kivuli kipo katika picha, Saryan hakukiondoa. Lakini alikipa rangi yake ya kweli, na kwa sababu hiyo mashamba yanang'aa zaidi.

Basi, ukipewa picha ya namna hii, usianze kwa kuuliza kama inafanana na mlima. Uliza kwanza: mwangaza unatoka wapi, na kivuli kina rangi gani?